Ngoma si ya Kupokelea Wageni

Katika mkoa wa Mara umezuka utaratibu ambao watu wameuzoea kiasi cha kutouona tena. Afikapo mgeni mwenye cheo, iwe Musoma, Bunda au Butiama, jambo la kwanza linalofanywa baada ya kufagia barabara ni kutafuta kikundi cha ngoma. Wazee huamshwa alfajiri, wakapakiwa garini pamoja na ala zao, wakavishwa fulana za rangi moja, wakaketishwa juani hata saa nane mchana wakimngojea mtu ambaye msafara wake umekawia njiani. Ashukapo, wazee hupewa dakika kumi. Mgeni hutabasamu, hupiga makofi, pengine huyumbayumba kidogo mbele ya wapiga picha, kisha huingia mkutanoni. Wazee hupewa soda na nauli. Jioni huandikwa taarifa kwamba shughuli ilipambwa na utamaduni wa Mtanzania.

Na tulitazame neno hilo, "ilipambwa". Pambo ni kitu ambacho kikiondolewa shughuli huendelea vile vile. Mgeni angeweza kuja, kuhutubia na kuondoka bila litungu kupigwa, na hakuna ambacho kingepungua ila picha. Ngoma ambayo zamani isipopigwa arusi haikuwa arusi, wala mavuno hayakuwa mavuno, leo imekuwa kitu kinachoweza kukosekana bila mtu kuuliza. Halafu twashangaa vijana hawaipendi!

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mila haivuki kutoka kizazi hadi kizazi kwa kutazamwa. Huvushwa na kazi ambayo mkubwa na mdogo huifanya pamoja, kila mmoja akimhitaji mwenzake. Palipo na kazi hiyo, mila huishi bila kampeni wala kaulimbiu. Palipokosekana kazi hiyo, hata tukijenga jumba la makumbusho katika kila kata, tutakuwa tunatunza ganda la yai lililokwisha kuliwa.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwashutumu wakoloni kwa kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wowote wa maana, akatushutumu na sisi wenyewe, hasa tuliosoma, kwa kujifunza dansi za Ulaya huku ngoma za kwetu hatuzijui. Hotuba ile inatajwa mara nyingi, lakini jambo moja katika tangazo lile hupitwa bila kuangaliwa: utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja. Wizara ile haikuitwa ya utamaduni na utalii, wala ya utamaduni na sherehe. Aliyeipa jina alijua kwamba swali la utamaduni ni swali la nani atamfundisha nani. Baadaye wizara zilipangwa na kupangwa upya mara nyingi, na katika kupanga huko utamaduni ukawa abiria anayehamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Nia ilikuwa njema, wala simlaumu mtu kwa nia. Kikundi cha Taifa cha ngoma kiliundwa, kikazunguka nchini na ng'ambo. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, na wasanii wa heshima wametoka humo. Taifa changa lenye makabila zaidi ya 120 lilihitaji jukwaa moja ambapo Mmakonde angemwona Mkurya akicheza na kumwita ndugu yake. Kazi hiyo ilifanywa, na ilifanywa vizuri. Ila wazo lililofaa kwa jukwaa la taifa liliteremka hadi mikoani, wilayani na vijijini, mpaka mtu wa kijijini mwenyewe akaamini kwamba ngoma ni sanaa ya jukwaani, na kwamba isipokuwapo hadhira ya wageni haina sababu ya kuchezwa.

Mfano ulio wazi kupita yote tunao kwa jirani zetu Wasukuma, ambao wengi wao wamo Bunda pia. Bugobogobo ilikuwa ngoma ya shambani. Wakulima walijipanga mstari, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na shamba la mtu likalimika kabla jua halijawa kali. Mdundo ule ulikuwa na kazi: uliwafanya wengi walime kama mtu mmoja, ukamwaibisha mvivu bila kumtaja jina, na ukamfundisha mtoto aliyekuwa pembeni namna ya kushika mpini. Leo jembe hurushwa juu jukwaani, likazungushwa na kudakwa kwa ufundi mkubwa, na watu hushangilia. Jembe lenyewe limepakwa rangi na halijapata kugusa udongo.

Hata hivyo Wasukuma hao hao wana funzo jingine, nalo linatusuta sisi wa Mara. Wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo asili yake ni waganga na watunzi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mwaka baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Mashindano ya Bulabo hapo Bujora, karibu na Mwanza, yanajulikana tangu siku za Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo katika miaka ya 1950. Mwimbaji wa Wagalu akishindwa mwaka huu, mwaka wote unaofuata yeye na watu wake hutunga nyimbo mpya, hufanya mazoezi, hutafuta vijana wenye sauti na miguu myepesi, maana umati ndio unaoamua kwa kumhama mmoja na kumzunguka mwingine. Mgeni mwenye cheo akija, asije, mashindano yapo. Kijana anahitajika, tena si kwa kuombwa ahurumie mila za babu zake. Anahitajika kwa sababu bila yeye chama kitashindwa.

Sasa rudini nyumbani mtazame litungu. Hili ni zeze kubwa la nyuzi nane, mwili wake wa mti ukiwa umewambwa ngozi, na Wakurya ndio wanaojulikana zaidi kwa kulipiga. Anayedhani kwamba mpiga litungu ni mpiga muziki tu hajamsikiliza. Kwenye ua wa mtu, penye pombe na jamaa, mpigaji humtaja baba wa mwenye nyumba na babu yake, hukumbusha ng'ombe waliotolewa na waliobaki bila kutolewa, humsifu anayestahili, na asiyestahili humchoma kwa fumbo ambalo kila aliyekaa pale analielewa. Ili afanye hivyo hapana budi awajue watu. Ajue nani alioa wapi, nani amegombana na nani, na nani amerudi kutoka migodini mikono mitupu. Mtoto anayekaa karibu naye hujifunza, pamoja na nyuzi, historia ya watu wake na adabu ya kusema ukweli mbele ya mkubwa. Mchukue mpigaji huyo umweke mbele ya mgeni asiyemjua, umpe dakika kumi. Atasema nini? Hana la kusema ila sifa. Hamjui baba wa mgeni, wala hana ruhusa ya kumchoma. Tumemnyang'anya zaidi ya nusu ya kazi yake, tumembakishia vidole, halafu twasema tumemuenzi.

Lugha nayo imepatwa na hayo hayo. Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa yenye lugha nyingi zaidi nchini kwa eneo lake: Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kiikizu, Kisizaki, Kikabwa, Kisimbiti, Kingoreme, Kiikoma, Kikurya, Kijaluo, na bado sijazimaliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizipanga lugha za nchi nzima katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009, na kazi yao ni ya kushukuriwa. Lakini kuiona lugha yako ikiwa na rangi yake katika ramani si sawa na kumsikia mwanao akikuomba maji kwa lugha hiyo.

Maneno hufa pale kazi yake inapokufa, na wavuvi wanalijua hili kuliko maprofesa. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo tunaowaita furu kwa jina moja la jumla. Wazee wa Majita, Bukwaya na Mugango hawakuwaita kwa jina moja; mvuvi aliyetegemea mtego na ndoana hakuweza kuridhika na jina moja kwa samaki wanaokaa vina tofauti na kula vyakula tofauti. Akaja sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kila mahali, na aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi zimerudi tangu hapo. Ila watoto waliozaliwa wakati wa sangara hawakuwa na sababu ya kujifunza majina ya samaki wasioingia wavuni, na mtu hawezi kulikumbuka neno ambalo hajawahi kulihitaji. Hapo palihitajika mtu wa kukaa na wavuvi wazee na kuandika, kabla vizazi viwili havijapita. Wangapi walikaa?

Nasikia sauti ya ndugu anayesema kwamba maneno haya yana harufu ya ukabila, kwamba taifa hili lilijengwa kwa Kiswahili, na kwamba anayetetea Kizanaki au Kijita anabomoa ukuta ambao waasisi waliujenga. Hoja hii ina uzito, nami naipa heshima yake. Nchi iliyotuzunguka imeona damu iliyomwagwa kwa jina la kabila, na sisi tumesalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu mtu wa Tarime na mtu wa Mtwara waliweza kugombana na kupatana katika lugha moja. Sitaki redio ya kila kabila wala shule ya kila kabila. Lakini anayetumia jina la Mwalimu kuzika lugha za nyumbani na amtazame Mwalimu mwenyewe. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akalelewa kwa Kizanaki. Mwaka 1934 akaenda shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mtu huyo ndiye aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika uzee wake alitunga tenzi ndefu za Injili. Alipokuwa kwao aliketi na wazee wenzake kwenye bao akazungumza nao kwa lugha ya mama yake. Kizanaki hakikumzuia kuwa bingwa wa Kiswahili. Huenda ndicho kilichompa sikio.

Anayeua lugha ya nyumbani Mara si Kiswahili. Ni aibu. Mzazi wa mjini Musoma, yeye na mwenzake wote wakiwa Wajita, husema na mtoto wao Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza cha shule ya kulipia, kwa kuogopa mtoto ataonekana ametoka kijijini. Bibi hutoka Majita kuja kumwona mjukuu wake hapo Nyasho. Mtoto ana adabu: "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Baada ya hapo hawana la kuzungumza. Bibi anajua dawa ya tumbo, anajua kwa nini ukoo wao hauli mnyama fulani, anajua hadithi za sungura na fisi ambazo zingemchekesha mtoto usiku kucha, lakini vyote hivyo vimo katika lugha ambayo mtoto haijui, na Kiswahili cha bibi kinatosha sokoni tu. Basi huketi wote wawili wakitazama televisheni. Hakuna sheria iliyolazimisha hali hiyo wala mkoloni aliyesimama mlangoni. Tumeifanya wenyewe, tena kwa kulipa karo.

Yafaa kuuliza ni mahali gani mjini kijana bado huisikia lugha ya baba yake ikitumika kwa jambo zito. Kwa ninavyoona mimi ni msibani. Hapo ndipo wazee wa ukoo husimama, mmoja akaeleza marehemu alikuwa nani, alizaliwa na nani, alidaiwa nini, nani ataangalia watoto. Hapo kijana hutumwa kuni, hutumwa maji, hukemewa kwa kukaa vibaya, huonyeshwa mjomba ambaye hakuwa amemjua. Hakuna afisa utamaduni aliyepanga jambo hilo, wala kikundi kilicholipwa. Msiba umebaki na mila kwa sababu msiba umebaki na kazi: maiti hapana budi azikwe, mjane hapana budi ashikwe mkono, na hakuna awezaye kuyafanya hayo peke yake. Lakini inasikitisha kwamba watu wenye historia ndefu kama sisi tubaki na shule moja tu ya mila, na shule yenyewe iwe makaburini.

Kabla hamjasema kwamba mtu mmoja hawezi kitu, vukeni na kivuko cha Kisorya mwende Ukerewe. Huko Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikusanya kwa miaka mingi habari za maisha ya Wakerewe wa zamani, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ndani yake mna namna ya kuposa, kupatanisha mtu na wakwe zake, kulima, kuvua, kutibu utasa, kulea. Hakupata mchapaji wa kitabu kwa lugha ya kisiwa kile. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 mzee akafariki, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia mkononi. Leo wanavyuo wa nchi za mbali huandika tasnifu juu yake. Nauliza, katika miaka ile 35, Bunda ilikuwa na akina Kitereza wangapi ambao madaftari yao yalitumika kuwashia moto?

Wapo wanaodhani kwamba uzi ukikatika umekatika. Si kweli, ingawa kuuunga ni ghali. Katika visiwa vya Hawaii, ambavyo Marekani ilivitwaa mwaka 1898 baada ya ufalme wao kupinduliwa mwaka 1893, sheria ya mwaka 1896 iliifanya Kiingereza kuwa lugha ya shule, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya wazazi wao. Ngoma yao ya hula ikawa nini? Ikawa ya kupokelea wageni, katika mahoteli na bandarini. Msomaji wa Mara hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliojua lugha ya Kihawaii walikuwa hawafiki hamsini, ukiondoa wale wa kisiwa kidogo cha Niihau. Wazee wao wa kale walikuwa mabaharia waliovuka Bahari ya Pasifiki bila dira, wakifuata nyota na mawimbi, lakini elimu hiyo ilikuwa imekwisha kabisa kwao. Walipotaka kuirudisha, ilibidi wamwombe mtu wa visiwa vingine, Mau Piailug wa Satawal, ambako baba alikuwa bado akimfundisha mwana. Mwaka 1976 mzee huyo aliongoza mtumbwi wao, Hokule'a, kutoka Hawaii hadi Tahiti, safari ya mwezi na zaidi, bila chombo chochote cha kupimia. Mwaka 1980 kijana wa Kihawaii, Nainoa Thompson, akaiongoza safari hiyo mwenyewe. Hawakuutundika mtumbwi katika jumba. Waliusafirisha, na aliyekuwa ndani yake alilazimika kujifunza au kupotea baharini. Mwaka 1984 wazazi wakafungua shule ya kwanza ya watoto wadogo waliyoiita kiota cha lugha, wakijua kwamba sheria bado haikuwaruhusu, na ndani yake hakikusemwa ila Kihawaii. Mzazi aliyempeleka mwanawe alitakiwa ajifunze na yeye, na atoe saa zake za kazi hapo shuleni.

Wenzetu hao walikwenda kuomba mwalimu ugenini. Sisi walimu wetu wamekaa barazani Buhemba, Nyamuswa na Mugango, wanangojea kuulizwa.

Lipo jambo ambalo mtetezi wa mila wa Mara hana ruhusa ya kulikwepa, nalo ni kisu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa huu, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika 100. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado kila msimu wasichana hukimbilia nyumba za hifadhi ili waokoke na wazazi wao wenyewe. Wazee wanaokitetea kitendo hicho husema: "Ni mila." Nawajibu kwa mdomo wa Wazanaki. Zamani Mzanaki hakuhesabiwa kamili bila kuchongwa meno. Mwalimu Nyerere mwenyewe alichongwa, na kila aliyeitazama picha yake akitabasamu ameona. Leo hakuna anayechonga. Je, Wazanaki wamekwisha? La hasha! Waliacha wakabaki Wazanaki, kwa sababu uzanaki haukuwamo menoni. Ulikuwamo katika mafunzo, katika rika, katika kumjua nani ni baba yako mdogo na unamdai nini. Anayesema jando la wasichana haliwezi kuwapo bila damu anakiri kwamba amesahau mafunzo yenyewe na amebaki na kisu. Katika kambi za mafunzo mbadala zinazofanywa mkoani humu, wasichana hufundishwa, huimbiwa na kusherehekewa bila kukatwa. Huko ndiko kudumisha, na tena huko kuna bibi na mjukuu wanaozungumza.

Nawatahadharisha pia wale wanaoamini kwamba serikali haina hatia katika kuvunjika kwa viungo hivi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na ulistahili kufutwa. Katika operesheni za vijiji za miaka ya 1973 hadi 1976 watu walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika wakapangwa barabarani. Shule, zahanati na maji vilikuja, na hilo halina ubishi. Ila mtu aliyezoea kuwa na kaka zake watatu kwa umbali wa kuitana aliamka akiwa na majirani wageni, na kazi ya kulima kwa zamu, ile Wakurya wanayoiita risaga, ilipata pigo ambalo hakuna mpangaji aliyelitia katika hesabu zake. Hapo Butiama penyewe, mji wa ukoo wa Chifu Burito unaitwa Mwitongo, na neno hilo linatokana na lile la mahame, pahali walipokaa wazee. Karibu yake upo msitu wa Muhunda, ambao watu wa hapo wanauhesabu kuwa makao ya mzimu. Kwa muda mrefu msitu huo ulilindwa na hofu na heshima ya watu ambao hawakupata kulipwa mshahara wa bwana misitu. Kandoni limo Jumba la Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, lililofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliozikwa hapo. Mabasi ya wanafunzi huja. Watoto hupangwa mstari, huonyeshwa fimbo na vitabu, huandika majina yao, hurudi. Sijasikia kwamba mwanafunzi aliyefika pale alipewa kazi ya kufanya na mzee wa Butiama walau kwa nusu siku: kupanda mti, kusuka kamba, kucheza bao hata ashindwe.

Mwaka 1967 tuliambiwa katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isimtenge mtoto na jamii yake. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa somo hilo hapo Bunda anaweza kulifundisha lote kwa chaki. Anaweza pia kumwagiza kila mwanafunzi alete, kabla ya muhula kwisha, habari moja aliyoipata kwa mzee aliye hai, kwa lugha ya mzee huyo na kwa Kiswahili kando yake, na madaftari hayo yakatunzwa katika maktaba ya shule badala ya kuuzwa kwa wafunga maandazi. Haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mwalimu mkuu anayeamini kwamba bibi wa Nyamuswa ni kitabu.

Na kwa halmashauri nina neno la hesabu. Fundi wa kuchonga litungu, anayejua mti upi na ngozi ipi, akipewa vijana wawili kwa miaka mitatu, pamoja na posho ya kuwalisha na miti ya kuchonga, atawaacha mafundi wawili. Fundi huyo huyo akiitwa mara sita kwa mwaka kupokea wageni, baada ya miaka mitatu atakuwa amekunywa soda kumi na nane, naye atakufa na ufundi wake. Makisio ya mwaka wa serikali hujadiliwa na kupitishwa na madiwani kabla ya tarehe 1 Julai. Fungu la usafiri, fulana na viburudisho vya vikundi vya ngoma hupatikana kila mara mgeni anapotangazwa. Diwani na asimame, alisome kwa sauti, aulize kwa nini lisihamishiwe kwa fundi na vijana wake. Na atakayepinga aeleze mbele ya wananchi wa kata yake ni mgeni gani atakayekasirika.